Kilemba cha Theluji

Waswahili ni mafundi wa kusifu. Mtu tukimpenda tunamsifu. Tukichoshwa naye tunamvika kilemba cha ukoka, naye atatembea nacho mtaani mwezi mzima akijiona sultani, mpaka mbuzi waanze kumfuata. Leo nami nina kilemba mkononi. Ni cha theluji, kwa kuwa hapa nilipo ukoka umefunikwa tangu Desemba.

Ninayemsifu ni Baridi. Simsemi kipupwe wa kwetu Tanga, yule wa Juni na Julai, anayewatoa watu na masweta ya mtumba kwa nyuzi 20 na kuwafanya wazee waote jua barazani. Huyo ni mtoto. Namsema Baridi mwenyewe, mwenye mji wa Minneapolis, jimbo la Minnesota, ambako usiku wa Januari nyuzi 13 chini ya sifuri ni jambo la kawaida, na jirani yako akikutana nawe asubuhi anasema leo si mbaya sana.

Nina miaka 63 na nakimbia mara tatu kwa wiki. Daktari alinichagulisha kati ya viatu na vidonge. Nikachagua viatu, vidonge navyo vikaja vyenyewe. Njia yangu ni kulizunguka ziwa la Bde Maka Ska, mzunguko wa kilomita kama tano. Jina ni la Kidakota, maana yake ziwa la ardhi nyeupe, na mwezi Januari jina na sura hupatana kabisa. Huzunguka mara moja kwa dakika 40, siku nikiamka vizuri. Kumbuka tarakimu hiyo, tutairudia.

Desturi ya sifa ni kuanza na nasaba. Baridi huyu ni mtoto wa watu. Kwao ni Aktiki. Anashuka kupitia Canada bila kukuta mlima wa kumzuia, akifika Minnesota anakuta bahari iko mbali, na mtu asiye na bahari karibu hana wa kumtuliza hasira. Sisi wa pwani tumelelewa na maji, ndiyo maana hatujui joto wala baridi ya kupindukia. Yeye hakulelewa na mtu. Tarehe 30 Januari 2019 alishuka hapa mpaka nyuzi 33 chini ya sifuri, ukiacha upepo. Posta ya Marekani ikasimamisha kupeleka barua jimboni siku hiyo. Mimi? Sikukimbia. Anayemsifu mfalme halazimiki kuingia chumbani kwake.

Watu wa mji huu wanamwogopa kuliko kodi. Tangu mwaka 1962 wamekuwa wakijenga madaraja ya vioo juu ya barabara, jengo kwa jengo, hata leo yanafika karibu kilomita 15, ili mtu atoke ofisini aende benki, ale chakula, anyoe ndevu, arudi, bila Baridi kumgusa hata sikio. Wema wa mtu huyu wameukataa kabla ya kuuonja. Mimi nimeuonja, na natoa ushahidi.

Kwanza nieleze mzigo alionitua. Kiangazi nikitoka na kaptula, watu wa ziwani huona vitu viwili: ngozi nyeusi na miguu myembamba. Hukumu hutolewa pale pale.

"Unatoka Kenya?" huniuliza mzee wa benchini.

"Tanzania."

"Ah, ni hapo hapo!"

Kisha hugeuka kunitazama nikienda, akitegemea kuona umeme. Anachokiona ni babu anayekimbia kilomita moja kwa dakika nane. Nimeiona sura ile mara nyingi: sura ya mtu aliyelipia nazi kubwa, akaipasua, akakuta imeoza. Ilipofika Septemba 2025 mambo yakaharibika zaidi. Alphonce Simbu wetu akashinda marathoni ya dunia kule Tokyo, akimpiku Mjerumani kwa tofauti ya sekunde 0.03. Jirani akaja mlangoni kunipa mkono wa pongezi, kana kwamba zile 0.03 nilichangia mimi. Wiki ile nilikimbilia vichochoroni.

Kama ni lazima nijipachike ukoo katika riadha ya taifa, basi ningeomba nafasi nyuma ya mzee wetu John Stephen Akhwari, aliyeingia uwanjani Mexico mwaka 1968, wa mwisho, mguu umefungwa bandeji. Lakini yeye alikuwa ameumia. Mimi sina hata mchubuko wa kujitetea. Sina ila mchakamchaka wa shule ya msingi, na hata huo nilikuwa wa nyuma, mwenye sauti kubwa ya kuitikia.

Ndipo Novemba huja Baridi, akanistiri. Huanza na miguu: suruali mbili, ya ndani ya sufu. Halafu kifua, nguo tatu, na hapa ana sharti lake. Hataki pamba. Zao lililosomesha watoto wa Kanda ya Ziwa, huku ni haini: likishakunywa jasho halikauki, linakugandia mgongoni kama kitambaa cha mgonjwa wa homa. Anayetupia pamba ziwani, kwa maana zote mbili za neno hilo, atakiona cha mtema kuni. Kisha kofia, glovu, na kitambaa cha kuziba uso mpaka chini ya macho. Nikimaliza kujifunga, najitazama kwenye kioo cha mlangoni. Hakuna Mtanzania pale. Hakuna mtu mweusi wala mweupe, mwembamba wala mnene. Kuna furushi lenye macho.

Tangu hapo hakuna anayeuliza natoka wapi. Wanadhani natoka wodini.

Akishanificha taifa, hunificha umri. Pumzi inayotoka kinywani huganda kwenye ndevu na kope. Baada ya dakika 20 ndevu zangu ni nyeupe pe, lakini hizo zilikuwa nyeupe toka zamani. Raha iko kwa wengine. Kijana wa miaka 25 anakuja mbele yangu, masharubu yamejaa mvi, nyusi zimejaa mvi, kope zimenata. Tunapungiana mkono kama wazee wa baraza moja. Umri ninaoubeba mwaka mzima, yeye hugawiwa bure kwa nusu saa, na nimegundua hapendezwi nao kuliko mimi.

Kisha hunitoa kwenye utumwa wa saa. Saa iko chini ya mikono mitatu ya nguo. Kuitazama ni kazi ya watu wawili. Simu nayo, betri yake haivumilii, huzimika katikati ya ziwa ikiwa na asilimia 40. Hapo mwendo wangu haujulikani duniani wala mbinguni. Nikifika nyumbani mke wangu akiuliza nimekimbiaje, namjibu kuwa nimerudi. Na mwezi wa Januari jibu hilo linatosha kabisa; ananimiminia chai ya tangawizi bila swali la pili.

Lakini wema wake mkubwa uko chini ya miguu. Kwetu Tanga, barafu ilikuwa ya ukwaju au ya ubuyu, imefungwa kwenye kimfuko cha nailoni, unaitoboa pembeni kwa jino na kuifyonza mpaka ibaki nyeupe haina ladha. Sikuwahi kufikiri nitakuja kukimbia juu yake. Ya hapa inakuja kwa namna nyingi, na iliyo hatari ni ile isiyoonekana: utando mwembamba juu ya lami, rangi ya lami yenyewe. Juu ya utando huo haendi mtu kasi. Unafupisha hatua, unaweka mguu chini ya nyonga badala ya kuurusha mbele, unalegeza magoti, macho chini, mikono imeachana kidogo na mwili. Mwendo ni ule wa bibi harusi wa pwani anapotolewa ukumbini. Sasa hebu ona: bingwa wa Olimpiki akija hapa mwezi wa Februari, naye atatoka kama bibi harusi. Mimi huo ndio ulikuwa mwendo wangu tangu zamani.

Nimeamini kabisa kwamba hekima yetu yote ilitungwa juu ya barafu. Mwenda pole hajikwai. Haraka haraka haina baraka. Pole pole ndio mwendo. Pwani ya nyuzi 32, penye mchanga laini wa kumpokea aangukaye, haya yalikuwa maneno ya kuwachelewesha watoto. Hapa ni kanuni za fizikia. Methali moja tu ndiyo iliyonisaliti. Aliyesema kuteleza si kuanguka, Mungu amrehemu, hakufika Minneapolis.

Niliihakiki mwenyewe, mwaka juzi. Mchana theluji ilikuwa imeyeyuka, maji yakavuka njia, usiku yakaganda. Nikapita na bibi harusi wangu, hatua fupi fupi, mara miguu ikaenda ng'ambo na mimi nikabaki. Nililala chali. Mbingu ilikuwa ya buluu, safi, haina hata kiwingu, na nikawa na nafasi ya kuitazama. Akaja mkimbiaji mwingine, furushi kama mimi, mbio za kunisaidia. Sikujua ni mume au mke, maana Baridi, sawa na lugha yetu, hajui yeye wa kiume na yeye wa kike. Akaninyooshea mkono, na yeye puu, akakaa ubavuni mwangu. Tukabaki chini wote wawili, tumekunja miguu, kama wageni waliotandikiwa mkeka wakisubiri kahawa. Nikamsikia anacheka ndani ya kitambaa. Kwa sauti nikajua ni mwanamke, tena mtu mzima wa makamo yangu. Hakuniuliza ninakimbia kilomita moja kwa dakika ngapi. Tulitambaa kwa magoti mpaka penye theluji laini, tukasimama, tukaagana.

Msifiwa yeyote ana wazushi wake, na lazima wajibiwe.

Wanasema anatoa watu kamasi. Ni kweli, na ni ukarimu. Pua ina kazi ya kuipasha hewa joto na kuitia unyevu kabla haijafika mapafuni; hewa ikiwa kali na kavu, pua hukimbizana na kazi, ikazidisha maji. Kwa hiyo kamasi ni jasho la pua. Katika mbio zangu hicho ndicho kiungo pekee kinachofanya kazi kwa kasi ya kimataifa. Na mafundi wameliheshimu: glovu za wakimbiaji zina kitambaa laini kwenye kidole gumba, na si kwa ajili ya kufutia machozi.

Wanasema ni hatari kwa wazee. Baridi hubana mishipa, shinikizo la damu hupanda, moyo hufanya kazi ya ziada. Sikatai, mwenye matatizo ya moyo aanze kwa daktari wake. Lakini hiyo naiita adabu. Baridi ni mwenyeji anayetaka apigiwe hodi. Ruka ruka ndani kwanza dakika kumi, damu ijue kuna safari. Ukitoka, anza kwa kuukabili upepo, ili wakati wa kurudi, nguo zikiwa na jasho, ukusukume mgongoni. Kijana huvamia mlango. Mzee hubisha hodi, na Baridi humfungulia.

Kisha yuko dada yangu, ambaye hunipigia kutoka Tanga.

"Mdogo wangu, nani anakufukuza?"

"Hakuna, dada."

"Basi rudi ndani ukae na mkeo. Umri wako watu wanakaa barazani wanacheza bao."

Nikamweleza habari za Ed Whitlock wa Canada, aliyemaliza marathoni ya Toronto mwaka 2004 kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48, akiwa na miaka 73, na mazoezi yake akiyafanya kwa kuzunguka ndani ya makaburi ya karibu na kwake, saa nzima, siku nyingine saa tatu. Dada akanyamaza kidogo. "Huyo alikuwa na akili," akasema. "Alikimbilia karibu."

Nakiri kasoro moja ya msifiwa wangu: huwa anaondoka. Aprili barafu ya ziwa hukatika, lami hukauka, na miguu ya watu huchomoza kama uyoga. Vijana hunipita wawili wawili, vifua wazi, ndevu zimerudi kuwa nyeusi. Kaptula yangu hutoka kabatini, na benchi la mzee yule halikai tupu.

Aprili iliyofuata kile kikao chetu cha mkekani, nilikuwa nakaribia pale nilipoanguka. Njia ilikuwa kavu, vumbi tupu. Hata hivyo hatua zangu zilifupika zenyewe, mikono ikaachana na mwili. Mbele yangu alikuwa anakuja mama wa kizungu, nywele nyeupe, mbio za taratibu. Naye alipofika pale pale akafupisha hatua, bibi harusi mtupu juu ya lami kavu. Tukasimama. Uso wake sikuwa nimewahi kuuona, wala yeye wangu.

Akanitazama miguuni. Nikaliona swali linapanda, nikaanza kuandaa lile jibu langu la Tanzania. Swali likamfika mdomoni, akalirudisha.

"Novemba?" akasema.

"Novemba," nikamjibu, na kila mtu akashika njia yake, pole pole.