Mwongozo wa Kusikiliza Samahani ya Mjerumani

Anza kwa kupanda Morningside, juu ya mji wa Morogoro. Njiani utapishana na akina mama wa Kiluguru wakiteremsha mboga sokoni, mzigo kichwani, nao hawahemi kama wewe. Juu kuna nyumba ya Wajerumani ya mwaka 1911. Piga picha, pumzika, kisha tega sikio.

Mwanasiasa wa Berlin akitaja "aibu", usiruke kwa furaha. Aibu haina bili. Rais Steinmeier wa Ujerumani aliitaja akiwa Songea tarehe 1 Novemba 2023, akaomba na msamaha. Neno lenye bili ni "mauaji ya kimbari". Wanamibia walipewa neno hilo mwaka 2021, ila likaja na mkia: "kwa mtazamo wa leo". Mkia huo usiudharau. Mkataba wa Umoja wa Mataifa ni wa 1948, risasi walizopigwa Wanamibia ni za 1904, basi kisheria hakuna deni. Euro bilioni 1.1 za miaka 30 zikaitwa za maendeleo, na neno "fidia" likaachwa nje ya mlango kama viatu.

Sisi hata hilo la mkia hatujapewa. Utaambiwa Majimaji ilikuwa vita, na vitani watu hufa. Usibishe, uliza tu walikufa na nini. Mahenge, mkoani humuhumu, wapiganaji walilivamia boma tarehe 30 Agosti 1905 wakapokelewa na bombomu. Ila waliouawa na bombomu ni wachache. Yalichomwa maghala, yakachomwa na mashamba, njaa ikamaliza kazi. Wajerumani walihesabu watu 75,000. Gilbert Gwassa, mwanahistoria wetu, alifika hadi 300,000. Wazungu waliokufa ni 15.

Kuna mwanasiasa wa Berlin wa aina nyingine, anayeanza na reli. Mwaka 2019 chama cha AfD kilipeleka hoja bungeni kwao kikitaka ukoloni usimuliwe pamoja na mazuri yake. Mkubalie: reli ilifika Morogoro mwaka 1907, mwaka uleule vita vilipokwisha. Mwulize ilikuta nani wa kupanda.

Na wa kwetu usimsahau. Februari 2017 waziri wa ulinzi wa wakati huo, Hussein Mwinyi, aliliambia Bunge kwamba Tanzania itadai fidia. Hadi leo haijalipwa.

Akija mheshimiwa mwingine kutoka Berlin, msimpeleke Songea tu. Mpitisheni na Mahenge.