Upepo wa Rockall Nimeusikia

Kwa wakubwa wa Radio 4,
Shirika la Utangazaji la Uingereza,
Portland Place, London.

Waheshimiwa,

Mimi ni mzima wa afya, isipokuwa mguu mmoja ambao umo ndani ya plasta hapa Leicester tangu nilipoteleza kwenye ngazi. Dhumuni la barua hii ni kuwaarifu kwamba Ijumaa iliyopita, kwa kuwa hata msikitini sikuweza kwenda, niliwasikiliza kutwa nzima, tangu alfajiri hadi mlipofunga vinywa karibu na saa saba usiku. Sijapata kusikia maneno mengi kiasi hicho bila wimbo katikati, labda siku ile mzee mmoja wa kwetu Wete, Pemba, alipoombwa asimulie kesi ya shamba lake la mikarafuu.

Najua sina haki ya kulalamika. Tangu 1971 redio haina leseni katika nchi hii, na mla bure hasemi chumvi imezidi. Lakini nina maswali.

Kwanza kipindi chenu cha asubuhi, Today, mlichonacho tangu 1957. Alikuja waziri, nami nikajiweka sawa kitandani. Kwetu waziri akiingia redioni, mtangazaji hushusha sauti, humwita Mheshimiwa mara saba, kisha humuuliza ana lipi la kuwaambia wananchi. Nyinyi hamkumwachia nafasi ya kumeza mate. Akisema bei zimeshuka, mnamuuliza zimeshuka duka gani. Akitaja serikali iliyopita, mnamkumbusha yeye ameingia lini. Watu wenye adabu kama nyinyi, mnaoomba radhi hata mkikanyagwa! Halafu mkamkaribisha mtu wa dini kwa dakika zisizotimia tatu, nadhani aje awasafishe wasikilizaji baada ya siasa. Dakika tatu, waheshimiwa. Shekhe wetu bado anasafisha koo.

Saa nne ikaingia Woman's Hour. Nimesoma kwamba ilipoanza, 1946, mlimketisha mwanamume, Alan Ivimey, aongoze mazungumzo ya wanawake. Nilicheka mpaka plasta ikaniwasha. Nilidhani ni sisi tu tunaounda kamati ya wanawake tukamchagua Bwana Fulani mwenyekiti.

Mengine nayapitia mbiombio. Mchana watu walikaa wakaulizana kuhusu konokono wanaokula majani ya bustani zenye ukubwa wa mkeka, na mazungumzo hayo mnayo tangu 1947, kwa hiyo inaelekea konokono wanashinda. Na kuna mchezo wenu wa Jumatatu, Just a Minute, ambamo mtu husema dakika nzima bila kusita, bila kurudia neno, bila kutoka nje ya mada. Msije mkamwalika mgeni rasmi wa kutoka kwetu. Atatolewa kabla hajafika kwenye "itifaki imezingatiwa".

Lililonishikisha kalamu ni lile la kisiwa.

Tangu Januari 1942, vita vikiwaka, Roy Plomley alipouanzisha mchezo wa Desert Island Discs, mnamchukua mtu mzima mwenye heshima zake mkamtupa kisiwani peke yake na sahani nane za muziki. Mnampa Biblia, au kitabu cha dini yake, na kazi zote za Shakespeare. Anaongeza kitabu kimoja na kitu kimoja cha anasa, kwa sharti kisiwe na manufaa. Naye anashukuru, na pengine analia kidogo akimkumbuka mama yake.

Waheshimiwa, mimi nimezaliwa kisiwani. Nimekaa Pemba miaka 19 na sikuwahi kupata robo saa ya upweke. Shuka ufukweni usiku wa manane ukidhani uko peke yako, sauti itakuuliza gizani: wewe mtoto wa nani? Ukipiga chafya Mkoani, pole inatoka Wete. Boti ikichelewa, kinachokosekana kwanza si muziki, ni vitunguu. Nani aliyewaambia kisiwa ni mahali pasipo watu? Na ajabu ni kwamba nyinyi wenyewe mko kisiwani. Mmebanana watu zaidi ya milioni 60, na ndoto yenu ni kukimbilia kisiwa kidogo zaidi.

Mkiniita, nitakuja. Shakespeare nitampokea, ila kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, aliyepata wakati wa kumtafsiri Julius Caesar na Mabepari wa Venisi huku ana nchi ya kuendesha. Anasa yangu ni mbuzi ya kukunia nazi. Msiikatae kwa hoja ya manufaa. Hakuna aliyewahi kutoroka kisiwani kwa kukuna nazi.

Saa nane mchana, na tena saa moja jioni, nikapelekwa Ambridge. Kijiji hicho hakimo kwenye ramani, lakini jirani yangu anawajua ng'ombe wake kuliko anavyonijua mimi. The Archers, mchezo wa kijiji hicho, ulianza 1951, chakula kikiwa bado cha mgao, ili wakulima wafundishwe kuzalisha zaidi. Kwetu nako Redio Tanzania ilileta mchezo wa Twende na Wakati mwaka 1993, tufundishwe uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI, kwa hiyo mbinu naijua: unameza dawa ndani ya ndizi. Kwenu dawa imekwisha, imebaki ndizi. Nimesikiliza nusu kipindi cha watu wakinuniana kwa ajili ya keki. Na mwaka 1955, usiku uleule televisheni ya washindani wenu ilipofunguliwa, mlimuua mhusika wenu Grace Archer kwa moto wa zizi la farasi. Huo nao ni ujirani?

Karibu na saa saba usiku ukapigwa muziki wa polepole, kisha ikasomwa hali ya bahari. Maeneo 31, jina kwa jina, kwa mpangilio usiobadilika: Viking, kisha wengine, Dogger, Wight, Biscay, na huyo FitzRoy, mwanzilishi wa idara yenu ya hali ya hewa, mliyempa eneo lake 2002. Sauti ilikuwa ya uradi. Nilikaribia kuitikia amina. Baba yangu, mvuvi, alitoka nje alfajiri, akatazama vichwa vya minazi, akasema, "Leo hakuendeki." Utabiri ukawa umekwisha, akarudi kulala. Huku Leicester, ambako hata harufu ya bahari haifiki, jirani yangu hupata usingizi kwa kusikia orodha hiyo ya bahari. Watu wa bara mnabembelezwa na dhoruba zinazowapiga wengine.

Ikaja Rockall. Nimeuliza: ni jiwe, haishi mtu. Upepo wake ukatajwa kwa heshima zote. Mkaimba wimbo wa taifa, mkaenda kulala, mkawaachia zamu wenzenu wa World Service, wanaosema na walimwengu mwenye nyumba akishazima taa.

Naomba eneo la 32, Mkondo wa Pemba. Asubuhi nilimpigia mama kumuuliza hali. Amesema kusi imetulia, boti imefika, vitunguu vipo. Msome na hayo, mkimaliza Iceland.

Ni mimi msikilizaji wenu,
Mpemba wa Leicester