Shangazi wa Hifadhidata: Mshenga Kaficha Ng'ombe

Shangazi, nakusanya simulizi za wazee wa Isukha na Idakho kuhusu isukuti, ngoma ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kati ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Programu ni ya Java na Hibernate, simulizi nimeiwekea @Lob, hifadhidata ni PostgreSQL. Mzee mmoja alisimulia asubuhi nzima, nikahifadhi bila hitilafu yoyote. Kuchungulia jedwali, kwenye safu ya simulizi nakuta 24817. Basi! Nimerogwa?
Mwenye Ngoma, Shinyalu

Hukurogwa, mwanangu. Draiva, kiungo kati ya programu na hifadhidata, ni mshenga tu, na huyu wako kakuchezea. Ulipoweka alama ya @Lob juu ya simulizi, Hibernate ilimwambia mshenga ng'ombe hao ni wengi mno. Akawafungia kwenye zizi la jirani, yaani jedwali la pg_largeobject, kisha akawapelekea wakwe karatasi yenye nambari. Safu yako ni ya aina ya text, haiulizi maswali; ikapokea tarakimu kama maneno mengine yoyote.

Sasa nisikilize vizuri. Usithubutu kuendesha vacuumlo! Kazi yake ni kufuta kila mzigo ambao hautajwi na safu ya aina ya oid au lo. Yako ni text, kwa hiyo itaona mzigo usio na mwenyewe na kuufuta, na mzee wako ataondoka nao. Chukua nakala ya hifadhidata nzima kwanza. Kisha, kama PostgreSQL yako ni 9.4 au mpya zaidi, yatoe maneno kwa convert_from(lo_get(24817), 'UTF8') na uyarudishe kwenye safu yake. Mwisho ondoa @Lob, uache text ilivyo. Hubeba karibu gigabaiti 1, na hata wazee wa Isukha hawajafika huko.

Shangazi, makala zangu za mapigano ya mafahali wa Khayega hukatika mwishoni kwenye MySQL, kabla hatujajua nani kashinda. Kompyuta kimya. Ajabu ni kwamba makala nyingine yenye idadi ile ile ya herufi huingia nzima.
Mpenda Mafahali, Lurambi

TEXT ya MySQL hupima baiti, si herufi: 65,535, basi. Herufi za Kiswahili hula baiti moja moja, lakini ile alama iliyopinda ambayo Word hukuwekea katikati ya “ng’ombe” hula 3. Wewe na mafahali wako, hebu hesabu ni ng'ombe wangapi! Tumia MEDIUMTEXT, yenye nafasi ya baiti 16,777,215.

Kinachonikera ni huo ukimya. Tangu toleo la 5.7, MySQL huja na hali ya ukali iliyowashwa, na ingekataa makala hiyo kwa sauti. Kuna mtu aliizima ili asisumbuliwe. Iwashe. Yaliyokwisha kukatwa hayamo tena humo, kwa hiyo rudi kwa mwenye fahali. Kama wake ndiye aliyeshinda, utasimuliwa upya utake usitake.