Faili Lipo, Kompyuta Inasema Halipo

Mtu akiacha kazi ofisini kwetu huacha deni la chai, kikombe na programu. Yule kijana aliyetuandikia programu ya mishahara alilipa deni, na kikombe akaondoka nacho. Programu aliiacha, ila ile iliyokwisha kukompailiwa tu, yaani rundo la namba ambalo prosesa pekee ndiyo inalisoma bila kuumwa kichwa. Msimbo wenyewe, aliouandika kwa lugha ya C, ulikuwa kwenye laptopu, na laptopu ilikuwa yake. Namba yake ya simu siku hizi anayo mama mmoja muuza alizeti, ambaye tumeshazoeana naye.

Tuliishi hivyo kwa raha zetu mpaka seva ya zamani ilipoanza kukoroma na uongozi ukanunua mpya. Nikahamisha faili, nikaliita lianze kazi. Kompyuta ikajibu kwamba hakuna faili wala folda yenye jina hilo.

Nikaorodhesha vilivyomo kwenye folda. Faili lipo, jina lile lile, ukubwa ule ule, na ruhusa ya kuendeshwa linayo. Nikaliita tena. Hakuna. Mhasibu mkuu wetu, ambaye wote tunamwita Mama Mishahara, alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, maana tarehe zilikuwa zimekaribia.

“Mwanangu, si hilo hapo naliona?”

“Hata mimi naliona, mama.”

“Sasa nani halioni?”

Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kazini, na mimi ndiye mtaalamu niliyeajiriwa kulijibu.

Kwa faili la namna hii huna la kufanya ila kufungua lile dirisha jeusi na kuanza kulihoji kwa amri. Ya kwanza inaitwa file. Ni ya siku nyingi, ilikuwamo kwenye Unix ya maabara za Bell tangu 1973, na hii tunayoitumia kwenye Linux aliianzisha Mkanada Ian Darwin katika miaka ya 1980. Haijali faili umeliitaje. Inachungulia baiti za mwanzo. Programu ya Linux huanza na baiti 7f kisha herufi E, L, F. Ya Windows huanza na M na Z, herufi za mwanzo za jina la Mark Zbikowski, mhandisi wa Microsoft wa enzi za DOS. Mtu mmoja katia saini yake kwenye kila programu ya Windows duniani, na mimi jina langu halimo hata kwenye mlango wa ofisi. Faili za Java nazo huanza na CAFEBABE, mzaha wa waliozitengeneza, na upande wa Apple nao wanaitumia CAFEBABE hiyo hiyo kwa programu zinazobeba aina kadhaa za prosesa kwa pamoja. Kwa hiyo file hulazimika kusoma na namba inayofuata: ikiwa ndogo, hiyo ni idadi ya prosesa, ikiwa kuanzia 45, hiyo ni Java, kwa sababu Java ilianzia hapo kuhesabu matoleo yake. Wakubwa wawili wamegongana, na anayetumwa kusuluhisha ni kiprogramu kidogo ambacho hakuna anayekijua.

Kwa faili letu jibu lilikuja kwa mstari mmoja mrefu: ELF, biti 32, Intel 80386. Nikausoma mara mbili. Intel ilitoa chipu ya 80386 mwaka 1985, mwaka Mwalimu alipong'atuka. Kijana yule wakati huo hata kuzaliwa alikuwa hajazaliwa. Lakini ndivyo ilivyo: programu yoyote ya biti 32 ya jamii hiyo, hata ukiikompaili leo asubuhi, kwenye kichwa chake itajitambulisha kwa mzee huyo. Mama Mishahara aliposikia 1985 alitabasamu, akasema huo ndio mwaka alioanza kazi na hajawahi kugoma.

Mbele kwenye mstari huo file iliongeza kwamba programu inategemea maktaba za nje. Vizuri, nikasema, tuulize ni zipi. Amri ya kuuliza hivyo ni ldd, na ldd ikanijibu kwamba programu hii haitegemei maktaba yoyote ya nje. Zana mbili kwenye kompyuta moja, zinaangalia faili moja, na kila moja ina ushahidi wake! Tena hiyo ldd yenyewe, mwongozo wake unakuonya usiitumie kwa faili usiloliamini, kwa sababu kuna hali ambapo inaweza kuliendesha faili hilo badala ya kulikagua tu. Umetuma mtu akachungulie dirishani, yeye kaingia ndani kapika.

Nikahamia kwa readelf, ambayo ni ngumu kuisoma lakini haijawahi kunidanganya. Ikamwaga kurasa za anwani ambazo sikuziomba, na katikati, bila hata kutia mkazo, ikataja kwamba programu hii inaomba kipakizi kinachoitwa /lib/ld-linux.so.2.

Hapo ndipo mambo yote yalipokuwa. Programu ya aina hii haiamki peke yake. Ndani yake imeandikwa jina la programu nyingine, hicho kipakizi, ambacho ndicho huikusanyia maktaba zake na kuianzisha. Seva mpya ni ya biti 64 na ilifungwa bila vitu vya biti 32, kwa hiyo kipakizi hicho hakikuwapo. Linux iliona faili letu vizuri kabisa, ikalifungua, ikasoma jina la kipakizi, ikakitafuta, ikakikosa, kisha ikarudi na jibu kwamba faili halipo. Faili gani? Haikusema. Ujumbe ni ule ule wa mtu aliyekosea jina la faili. Na ldd nayo ilikwama hapo hapo: ilijaribu vipakizi inavyovijua, hakuna kilichoitika, ikaamua kwamba tatizo ni la programu. Herufi za kutaja jina la kitu kilichokosekana zingegharimu nini? Kuna matoleo mapya ya Bash ambayo siku hizi angalau husema kuna faili linalohitajika halikupatikana. Ahsante sana, ila jina bado wanalo wao.

Nikasakinisha vifurushi vya biti 32. Programu ikaamka, ikakaa kidogo, ikaandika neno moja: “Imeshindikana.”

Nikajaribu nm inionyeshe majina ya funksheni. Kijana alikuwa ameyafuta yote kabla ya kuondoka, kwa usafi au kwa kisirani. Nikajaribu objdump, ikanipa maagizo ya prosesa ukurasa baada ya ukurasa, push, mov, call, nikaifunga kwa adabu zote.

Ikabaki strings. Hii haina elimu kubwa: inapita faili zima na kuchapa popote inapokuta herufi nne au zaidi zinazosomeka zimefuatana. Ndiyo maana hukuletea na takataka. Kwenye mafaili ya biti 32 utakutana sana na [^_] ukadhani ni siri nzito, kumbe ni maagizo manne ya prosesa ambayo kwa bahati mbaya yanafanana na herufi. Lakini katikati ya takataka hizo nikaanza kumsikia kijana. “Imeshindikana.” “Imeshindikana kabisa.” “Huwezi kufika hapa.” Chini kidogo, anwani ya hifadhidata ya seva ya zamani, na pembeni yake nywila, haikufunikwa hata kwa kanga: simba123.

Mimi ni mtu wa Yanga tangu tumboni. Ilinibidi nifungue hifadhidata mpya kwa anwani ile ile na kuiandika nywila hiyo kwa vidole vyangu, maana programu haijui nyingine.

Mishahara ikatoka. Mama Mishahara akainua hati ya kwanza kutoka kwenye printa, akaitazama, akaona juu yake jina la kampuni la kabla ya kuunganishwa na wale wenzetu.

“Si umesema maneno yaliyomo umeyaona? Basi badilisha hili.”

Nikamweleza kwamba inawezekana kuandika juu ya baiti za jina la zamani, ila nafasi ni ile ile; jina fupi litaingia, refu litakanyaga kinachofuata. Na jina letu jipya ni refu.

“Ondoa hiyo Limited.”

“Hata bila Limited haliingii, mama.”

Akahesabu kwa vidole, akafuta herufi kadhaa kwa kalamu nyekundu, akahesabu tena. Kisha akachukua karatasi akapanda ghorofani kwa mkurugenzi. Nasikia anamshauri turudie jina la zamani.