Safu ya Mshauri: Samaki wa Dhahabu Aliyevimba Tumbo

Msomaji wa Magomeni, ambaye jina lake limehifadhiwa kwa kuwa mama mkwe wake pia huisoma safu hii, ameuliza kama samaki wake wa dhahabu wa miaka miwili, aliyevimba tumbo na kususa chakula, atibiwe, apumzishwe au aachiwe Mungu. Swali ni fupi, na ufupi huo unastahili pongezi, kwa sababu unaacha nafasi ya kueleza jambo ambalo wasomaji wenye matatizo marefu wamekuwa wakilikwamisha, yaani Mshauri mwenyewe.

Mshauri ni bingwa wa ndoa, mirathi, upara na viumbe wa majini, na ubingwa huu wa mwisho, ingawa hakuna chuo kilichouthibitisha, haujawahi kupingwa na samaki yeyote. Ni kwa ubingwa huo inaelezwa hapa kwamba samaki wa dhahabu ni uzao wa samaki wa kijivu wa maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi, ambao Wachina walianza kuwafuga zaidi ya miaka 1,000 iliyopita wakiwateua wale waliozaliwa na rangi ya kung'aa. Mshauri naye aliteuliwa kwa namna hiyohiyo miongoni mwa ndugu zake, ingawa ndugu hao wana simulizi yao. Kama msomaji anadhani kwamba mgonjwa amezeeka, dhana hiyo haina mashiko, kwani samaki mmoja wa aina hiyo nchini Uingereza, aliyeitwa Tish, alikufa mwaka 1999 akiwa na umri wa miaka 43, yaani alidumu kuliko ndoa zote zilizowahi kunusuriwa na safu hii.

Tiba ya kwanza ni ya nafsi. Kwa kuwa rangi ya samaki huyo imesimama katikati ya wekundu wa Simba na umanjano wa Yanga, ni dhahiri kwamba kila wanapokutana watani wa jadi moyo wake hupasuka vipande viwili, hivyo televisheni igeuziwe ukuta hadi ligi iishe. Tiba ya pili ni taarabu ya sauti ya chini, ila nyimbo za mafumbo ziepukwe, kwani mgonjwa anaweza kudhani kuwa amesemwa yeye. Tiba ya tatu, iliyopendekezwa na mama mkwe, inahusu tui la nazi na bizari, na Mshauri anaikataa, si kwa huruma pekee bali kwa sababu samaki aliyekwisha kutiwa dawa haliwi.

Tiba hizo zikishindwa, kama ambavyo kwa kawaida hushindwa, ndipo maji yaangaliwe. Samaki hupumua na kujisaidia ndani ya maji yaleyale, naye hutoa amonia, sumu isiyoonekana kwa macho. Bakteria wanaokaa kwenye changarawe na sponji ya chujio huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati, ambayo haina makali sana. Katika bakuli la mviringo lisilo na chujio, ambalo bila shaka ndilo analotumia msomaji, bakteria hao hawana pa kukaa kwa wingi, na mfugaji mwenye bidii anaposugua bakuli zima kwa sabuni huwamaliza hata wachache waliopo. Mshauri huelekeza kwamba robo tu ya maji ibadilishwe kwa wakati mmoja, na kwamba maji mapya ya bomba yaachwe wazi siku nzima ili klorini ipotee, maelekezo ambayo duniani kote hutolewa na watu wengine pia, bila ya kumtaja Mshauri.

Magamba ya samaki yakiwa yamelala, huenda choo kigumu kinabana kibofu cha hewa, yaani kifuko kinachomwezesha kuelea wima, na mfungo wa siku mbili ukifuatiwa na njegere iliyochemshwa na kumenywa unaweza kumfaa. Yakisimama kama ya nanasi, hali ni nyingine kabisa: mwili wa samaki wa maji baridi una chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka, hivyo maji humwingia usiku na mchana, hasa kupitia mashavu, na figo ndizo huyafukuza; figo zikilemewa, mara nyingi kwa maambukizi ya bakteria, maji hubaki ndani. Daktari wa mifugo anaweza kuandika antibiotiki, na chumvi ya Epsom, yaani salfeti ya magnesi, ambayo si ile ya mezani, hutumiwa kupunguza uvimbe, lakini waliofikia hatua hiyo hupona kwa nadra. Wapo watakaodai upasuaji, na si wajinga, kwani mwaka 2014 huko Melbourne, Australia, samaki wa dhahabu aitwaye George alitolewa uvimbe kichwani akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi iliyotiwa majini, habari iliyoenea ulimwenguni kwa kasi ambayo safu hii haijawahi kuionja.

Ikilazimu kumpumzisha mgonjwa, jibu liko Zanzibar, kwa sababu mafuta ya karafuu yana eujenoli, kemikali ambayo kwa kiasi kidogo humlaza samaki na kwa kiasi kikubwa humwondoa bila mateso. Hapa ilikusudiwa kuelezwa kwa kirefu jinsi kimbunga cha mwaka 1872 kilivyoangusha mikarafuu ya Unguja na kuipa Pemba ukuu wa zao hilo, pamoja na mchango wa ukoo wa Mshauri katika ukuu huo, lakini mhariri amekwisha kuinua mkasi. Basi mafuta yatikiswe kwanza ndani ya chupa pamoja na maji ya bakuli, kwa kuwa hayachanganyiki kwa urahisi, yamiminwe katika chombo cha pembeni alimowekwa samaki, naye aachwe humo nusu saa nzima baada ya mashavu kutulia. Asitupwe chooni akiwa hai, asigandishwe kwenye friji, wala asiachiwe Mto Msimbazi, ambao una matatizo yake.

Msomaji abadilishe robo ya maji leo, ayatazame magamba kwa siku chache, na yakisimama huku mgonjwa akiendelea kususa chakula, amwone daktari wa mifugo na ajiandae kuagana na samaki wake. Ada ya ushauri huu haipokelewi kwa njia ya samaki.