Kuozesha Saladi kwa Huruma

Mzizi wa saladi uliozama ndooni kwanza hukosa pumzi. Ugonjwa huja baadaye kumalizia kazi. Wengi wanaojaribu kilimo bila udongo uani na barazani pale Mzumbe hulijua hilo saladi ikiwa imeshakufa. Mtambo wa nyumbani huwa ni ndoo mbili tatu za plastiki, mifuniko iliyotobolewa kwa msumari wa moto, na pampu ndogo ya tangi la samaki iliyonunuliwa Morogoro mjini. Mche huketi kwenye kikombe chenye matundu, mizizi ikining'inia katika maji yenye virutubisho. Wiki ya kwanza majirani huitwa waje kutazama. Wiki ya tatu mwenye ndoo hapendi kuulizwa habari za mboga.

Majirani wenyewe wanaujua mpunga, kwa hiyo hushangaa: mbona ule unakaa majini msimu mzima na hauozi? Mpunga una njia za hewa mwilini zinazoteremsha oksijeni kutoka majanini hadi mizizini. Saladi, chainizi na nyanya hazikujaliwa hivyo; mizizi yake hutegemea oksijeni iliyoyeyuka katika maji yenyewe, nayo ni kidogo. Maji ya nyuzi 20 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 9 kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubaki 7.5 hivi. Joto hilohilo huifanya mizizi ipumue kwa kasi zaidi, hivyo mahitaji hupanda wakati akiba inashuka. Ndiyo sababu ndoo iliyonawiri Julai, baridi ya Uluguru ikiwa bado inashuka usiku, huanza kunuka Desemba.

Mizizi ikishadhoofika, mgeni anayejitokeza mara nyingi ni Pythium. Watu humwita ukungu, lakini kiukoo yuko karibu zaidi na mwani wa kahawia. Ndugu yake, Phytophthora, ndiye aliyeangamiza viazi vya Ireland kuanzia 1845, na wakulima wa viazi wa milimani wanamfahamu kwa madhara yake hata kama hawajawahi kulisikia jina. Vijimbegu vya Pythium vina mikia na huogelea kuufuata mzizi. Shambani huhangaika kutafuta unyevu. Ndoo ya maji ya vuguvugu huvirahisishia safari yote.

Dalili ya kwanza hupotosha. Mmea hunyauka saa sita mchana ilhali umesimama majini, na mwenye huruma huhitimisha kwamba una kiu. Kabla ya kuongeza chochote, mzizi mmoja uvutwe taratibu kati ya vidole viwili. Mzizi mzima ni mweupe au umepakwa rangi kidogo na mbolea, na haukatiki ovyo. Uliooza ni wa kahawia na una utelezi. Ganda lake huvuka na kubaki vidoleni, na kinachoendelea kuning'inia ni uzi mwembamba wa katikati. Harufu humaliza ubishi.

Huruma inayoua kuliko zote ni ya kujaza maji. Katika mtindo usiotumia pampu, ulioenezwa na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, maji hugusa kikombe siku za mwanzo tu. Yanaposhuka huacha nafasi ya hewa, na mizizi ya juu huizoea hewa hiyo. Mwenye nyumba akisafiri na kumwachia shangazi ndoo, shangazi hukuta maji yamepungua nusu, husikitika, hujaza mpaka pomoni. Mizizi iliyokwisha kuzoea hewa huzama yote kwa mpigo. Maagizo ya kuacha nyumbani ni kuongeza kidogo tu, na nafasi ya juu isiguswe.

Ya pili ni samadi. Kikapu cha mbolea ya kuku kikitiwa ndooni, bakteria wanaoiozesha hunywa oksijeni yote kabla mzizi haujapata sehemu yake. Ndoo hiyo inahitaji mbolea ya madini inayoyeyuka kabisa, na uchafu wa kuku ubaki bustanini.

Mwanga nao hauna budi kuzuiwa. Dumu la njano la mafuta ya kula hupitisha jua, mwani huota ndani, na usiku hupumua oksijeni ileile. Ukifa huwa chakula cha waozeshaji. Rangi nyeusi ipakwe nje kwanza, kisha nyeupe juu yake ili joto lirudishwe. Gunia la katani lililoloweshwa na kuzungushiwa ndoo hupoza vizuri mahali penye upepo, na Morogoro haijawahi kukosa katani.

Pampu ya hewa husaidia sana, ila iwekwe juu kuliko usawa wa maji. Ikikaa sakafuni, umeme unapokatika maji hurudi kupitia mpira wake, na asubuhi mizizi imekauka, pampu imelowa, zulia limepata virutubisho. Umeme ukiwa haupo, maji yachotwe kwa jagi na kumiminwa kutoka juu mara kadhaa. Huonekana kama mchezo, lakini hewa huingia.

Dawa za madukani huja mwisho, na haziendi mbali. Haidrojeni peroksaidi ya kusafishia vidonda hutoa povu linalomfurahisha mwenye ndoo kuliko linavyousaidia mmea, kwa kuwa hupungua nguvu upesi na huua vijidudu wema pamoja na wabaya. Viuakuvu vingi vya nyanya havimgusi Pythium, na si vya kumwaga kwenye mboga itakayoliwa mbichi. Wala hakuna haja ya ushujaa huo, mboga za kununua zipo: malori ya kabichi na karoti za Mgeta yanashuka kila leo kupitia Mlali hadi Sangasanga.

Mche uliooza sana utupwe kwenye shimo la migomba. Uliobakiwa na mizizi myeupe ukatwe ile ya kahawia kwa mkasi safi, urudishwe katika maji mapya ya baridi yenye virutubisho nusu ya kawaida. Ndoo, vikombe na mipira visuguliwe, vilowekwe katika dawa ya kung'arishia nguo, sehemu moja kwa tisa za maji, visuuzwe mara kadhaa na kuanikwa juani. Miche mipya ioteshwe kwenye nyuzi za nazi au mchanga uliochemshwa. Inayong'olewa kitaluni huja na udongo mizizini, na Pythium huwa ameshapanda humo.