Mkanda Umefufuka, Projekta Bado Iko Kaburini

Sina ugomvi na mfu anayefufuka. Ugomvi wangu ni na waombolezaji.

Mwaka 2012 Kodak walipotangaza kwamba wanaacha kutengeneza Ektachrome, mabaki ya mwisho ya ukoo wao wa filamu za slaidi, wapiga picha walilia kwa sauti ambayo hata wafiwa huwa hawaifikishi. Kampuni yenyewe ilikuwa hoi. Januari ya mwaka huohuo ilikimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wanaoidai. Sababu ya kuiua filamu ilikuwa nyepesi: hainunuliki. Sasa niulize, aliyegoma kuinunua alikuwa nani? Wakulima wa korosho? Ni haohao waliokuwa wakilia. Walishahamia dijitali zamani, harusi wanapiga kwa dijitali, ubatizo kwa dijitali, lakini ukikaa nao kwenye kahawa hadithi ni moja tu: rangi za slaidi, ah, rangi za slaidi!

Kwa vijana mliozikuta simu zina kamera mgongoni, nieleze. Mkanda wa slaidi ukishausafisha hupati negativu ya kuchapishia. Unapata picha yenyewe, ina rangi zake halisi, inakatwa na kutiwa kwenye fremu ndogo, halafu inarushwa ukutani kwa projekta. Negativu ina huruma, ukikosea mwanga mchapishaji atakusitiri. Slaidi haina. Mwanga ukizidi kidogo, shela inameza uso wa bibi harusi. Ukipungua kidogo, bwana harusi na suti yake nyeusi wanakuwa kitu kimoja. Mwanaanga William Anders wa Apollo 8 aliipiga Dunia ikichomoza juu ya Mwezi, Desemba 1968, kwa Ektachrome. Yule alikuwa na kila kisingizio cha kukosea mwanga na hakukitumia. Kuna mabwana hapa mjini wanakosea wakiwa wamesimama chini ya mwembe.

Basi Januari 2017, kwenye maonyesho ya Las Vegas, ikatangazwa kwamba Ektachrome inarudi, na kabla mwaka haujaisha itakuwa sokoni. Mwaka ukaisha. Mtu yeyote aliyewahi kuagiza kabati kwa fundi anaijua ahadi ya namna hiyo. Ikaja Septemba 2018, na lazima niseme haki, sababu ya kuchelewa ilieleweka: baadhi ya malighafi za zamani hazikuwa zikipatikana tena, ikabidi mapishi yaandikwe upya. Ila katikati ya kusubiri ndipo nilipowachoka wenzangu. Nusu walisema haitatoka kamwe, ni ujanja wa kupandisha hisa. Nusu walikuwa wameshaanza kulalamikia rangi zake. Rangi za filamu ambayo haijatoka!

Wenye shaka nao walikuwa na ushahidi. Waitalia wa kampuni ya Film Ferrania mwaka 2014 walichangisha zaidi ya dola 300,000 mtandaoni kwa ahadi ya kufufua filamu ya slaidi. Kiwandani wakakutana na asbesto, jambo likazaa jambo, na mwaka 2017 kilichotoka ni filamu ya nyeusi na nyeupe. Inasifiwa, sikatai. Lakini aliyechangia pilau akaletewa uji ana haki ya kuchungulia jikoni.

Ektachrome ilipotoka nilidhani sasa nitapumzika. Nilimsahau mpwa wangu.

"Mjomba, umesikia? Kodachrome inarudi!"

"Kasema nani?"

"Mkubwa mmoja wa Kodak. Amesema wanachunguza itahitaji nini."

"Kasema lini?"

Akasogeza kidole kwenye simu. "Januari 2017."

Huyu mtoto huniletea habari hiyo kila inapozunguka upya kwenye simu yake, na kila mara kwa furaha ileile. Kodachrome nayo ni filamu ya slaidi ya Kodak, lakini, mwanangu, ni maiti ya aina nyingine. Walioibuni ni wanamuziki wawili wa Marekani, Mannes wa piano na Godowsky wa fidla, ambao gizani walihesabu muda wa dawa kwa kupiga mluzi wa muziki wa Brahms. Ikaingia sokoni 1935. Ujanja wake ni kwamba rangi hazimo ndani ya mkanda. Zinatiwa wakati wa kusafisha, moja baada ya nyingine, kwa mtambo mkubwa na mkemia wa kuusimamia. Mwishoni duniani kote kulibaki maabara moja tu, Dwayne's, katika mji mdogo wa Parsons jimboni Kansas, na mwisho wa kupokea mikanda ulikuwa 30 Desemba 2010. Mfanyakazi mmoja wa reli alitoka Arkansas kuchukua mikanda yake 1,580, akalipa karibu dola 16,000, na karibu picha zote zilikuwa za treni. Huyo namheshimu. Huyo alinunua kitu kikiwa hai.

Kuirudisha Kodachrome maana yake ni kurudisha filamu, dawa, mtambo, mkemia, na wale wateja waliokimbia. Ektachrome ina nafuu, kwa kuwa rangi zimo ndani na dawa zake unaweza kuzichanganya jikoni kwa nyuzi joto 38, ambazo Dar ya Januari bomba linakaribia kukupa bure.

Jikoni kwa nani, lakini? Mama watoto hajanisamehe mkanda niliouweka kwenye friji karibu na changu. Nimemweleza kwamba joto linaharibu filamu. Amenieleza kwamba joto linaharibu samaki pia, na samaki analiwa. Mkanda wenyewe ni zaidi ya dola 20 huko unakotoka, kabla ya usafiri na ushuru, kwa picha 36. Studio ya mtaani iliyokuwa ikisafisha picha siku hizi inauza makava ya simu. Kijana wa kaunta nilipomuuliza kama wanasafisha slaidi alinielekeza kwa dobi. Nikiupeleka nje usafishwe, unapita kwenye mashine mpya za ukaguzi za viwanja vya ndege, ambazo Kodak wenyewe wanaonya kwamba zinaunguza filamu.

Tuseme umepita salama, umesafishwa, umerudi. Nautazamia wapi? Kodak waliacha kutengeneza projekta za slaidi mwaka 2004, na hakuna aliyesimama Las Vegas kutangaza ufufuo wake. Yangu ipo juu ya kabati, taa imeungua, na duka nililoulizia taa hiyo walitaka kunipa ya pikipiki.

Nilimwaga haya yote mbele ya mpwa. Akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho, maana kalelewa vizuri.

"Mjomba, mbona rahisi? Slaidi zikirudi tunaziweka dirishani penye mwanga, tunazipiga picha kwa simu, nakutumia WhatsApp."